Kamusi za Kiingereza kwenye mizani ya kitenzi *set*

Ukitaka kujua kamusi ya Kiingereza ina uwezo gani, usiijaribu kwa neno gumu. Maneno magumu hayana shida: mengi yana maana moja au mbili, na mtunga kamusi makini atayamaliza kwa mistari mitatu. Ijaribu kwa *set*. Kitenzi hiki cha herufi tatu kinasema jua linapotua, saruji inaposhika, mtego unapotegwa, mtihani unapotungwa, mfupa unapoungwa na meza inapoandaliwa. Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary, lililotoka mwaka 1989 kwa majuzuu 20, *set* ndicho kilichopewa maelezo marefu kuliko maneno yote: maana zipatazo 430, kwa maneno kama 60,000, ndani ya juzuu la 15. Hicho ni kitabu kizima ndani ya kitabu. Marekebisho yaliyofuata yamekifikisha *run* kwenye maana 645 na kukipita, lakini kwa kupimia kamusi *set* bado ndiyo jiwe la mizani, kwa sababu maana zake zinaonekana kama hazihusiani hata kidogo.

Maswali yaliyotumika kuzipima kamusi zitakazotajwa hapa chini ni matatu. Je, kamusi inaonyesha kiini kinachozishika maana zote hizo pamoja, au inazirundika tu? Je, inamwambia mtumiaji neno gani hukaa na neno gani? Na je, inamkinga pale ambapo msemaji wa Kiswahili hujikwaa?

Kwanza kitenzi chenyewe

Msemaji wa Kiswahili anaingia kwenye kitenzi hiki akiwa na ufunguo mkononi, na inasikitisha kwamba kamusi chache humwonyesha kuwa anao. Sisi tunasema keti, kisha ketisha. Lala, kisha laza. Anguka, kisha angusha. Kiingereza cha leo hakina kiambishi cha kutendesha kinachofanya kazi kwa wepesi namna hiyo, lakini lugha iliyokizaa ilikuwa nacho. *Set* ni ketisha ya *sit*. Maana zote 430 zimeota juu ya shina hilo.

Ilivyotokea ni hivi. Katika lugha mama ya Kijerumaniki, ambayo wataalamu wameiunda upya kwa kulinganisha Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia, kauli ya kutendesha ilipatikana kwa kuchukua shina linaloonekana katika wakati uliopita na kulitia tamati *-jan*. Wakati uliopita wa *sit* ni *sat*. Weka *-jan* mwishoni upate *satjan*. Ile *j*, iliyotamkwa kama y yetu, iliivuta *a* iliyoitangulia mpaka ikapanda na kuwa *e*, ikaikaza *t* ikawa mbili, kisha yenyewe ikapotea. Kilichobaki katika Kiingereza cha Kale ni *settan*, kufanya kitu kikae. Ndugu zake wako hai: Kijerumani kina *sitzen* na *setzen*, Kiholanzi kina *zitten* na *zetten*, Kiswidi kina *sitta* na *sätta*.

Njia hiyohiyo ilizaa *lay* kutoka *lie*, sawasawa na laza kutoka lala. Ilizaa *fell* kutoka *fall*, ndiyo maana kukata mti ukaanguka ni *to fell a tree*, kuuangusha. Ilizaa pia *drench* kutoka *drink*. Wengi wanakijua *drench* kwa maana ya kulowesha chapachapa, ila madaktari wa mifugo bado wanakitumia kwa kumnywesha mnyama dawa, na hapo kutendesha kwa kale kumebaki kuzima kabisa: nywa, nywesha.

Ukirudi nyuma zaidi unafika kwenye mzizi wa Kiindo-Ulaya, lugha mama ya kale zaidi iliyozaa Kijerumaniki, Kilatini na Kigiriki: *sed-*, kukaa. Kilatini kilikuwa na *sedere*, na kwa njia hiyo Kiingereza kikapata *session*, *resident* na *president*. Tazama Kiswahili kilivyopita njia ileile kwa miguu yake chenyewe: kutoka kaa tuna kikao na mkazi, na anayekiongoza kikao ni mwenyekiti. *President* kwa asili ni aketiye mbele ya wengine. Kigiriki kilikuwa na *hedra*, kiti, ambacho kimejificha ndani ya kathedrali, kanisa lenye kiti cha askofu. Hata *nest*, kiota, ni mahali pa kukaa chini.

Ukishakishika kiini hicho, orodha ndefu inaanza kujipanga. Kitu kinakalishwa mahali pake: kito kwenye pete, mfupa uliovunjika, herufi za chapa. Kinatiwa katika hali fulani na kubaki humo: *set free* ni kuachia huru, *set on fire* ni kuchoma moto. Kinasimamishwa kwenye kipimo: *set the clock* ni kuirekebisha saa isome sawa. Kisha kitenzi kinageuka na kusimama bila yambwa, yaani kitu kinachotendwa, kitu kinatulia chenyewe: jua linatua, jeli inaganda, saruji inashika. Kiswahili nacho kinatumia tua kwa jua, kwa ndege na kwa mtu anayeweka mzigo chini, kwa hiyo mgeuko huo hautushangazi.

Kwenye saruji ni lazima tutue kidogo, maana kamusi nyingi za lugha mbili huteleza hapo. *Set* si *dry*. Saruji haishiki kwa kukauka, inashika kwa mmenyuko wa kikemikali kati yake na maji, na aina za kawaida hushika hata zikiwa chini ya maji. Wahandisi hutenganisha pia *setting* na *hardening*: la kwanza ni zege kupoteza ulaini wake hata lisifinyangike tena, jambo la saa chache, la pili ni kuongeza nguvu, jambo la siku na majuma. Kamusi inayotafsiri *the cement has set* kuwa "saruji imekauka" inampotosha fundi, kwani anayeamini hivyo ataacha kumwagilia maji pale hasa yanapotakiwa.

Na kuna mambo ambayo hayamo kwenye ukoo huu ingawa yanafanana nao. Nomino *set* yenye maana ya kundi la vitu, ambayo Kiswahili kimeichukua kuwa seti, ina nasaba nyingine: Kifaransa cha Kale *sette*, kutoka Kilatini *secta*, kundi la wafuasi, kwa hiyo ni ndugu wa *sect*. Baadaye ilifanana na kitenzi kwa sauti na vikaathiriana. Seti ya vyombo na kuseti simu ni maneno mawili yaliyokutana njiani. *Asset* haihusiani hata kwa mbali. Imetokana na Kifaransa cha Kale *asez*, yaani ya kutosha. *Upset* ni wa ukoo kweli, ila amegeuka: zamani alimaanisha kusimamisha, leo anamaanisha kupindua na kufadhaisha. Hiyo ndiyo mitego iliyotegwa kwa kamusi zetu.

Oxford English Dictionary

Hii ndiyo kamusi kuu ya kihistoria ya Kiingereza. Wazo lake lilianzia kwenye Philological Society ya London mwaka 1857, James Murray akawa mhariri mwaka 1879, kijitabu cha kwanza kikatoka 1884 na kazi ikakamilika 1928. Sehemu ya S hadi Sh, alimo *set*, ilihaririwa na Henry Bradley. Tangu mwaka 2000 iko kwenye intaneti, na toleo la tatu linaendelea kuandikwa upya kidogo kidogo. Wahariri walianza marekebisho hayo kwenye herufi M, si A.

Kuifungua kunahitaji usajili wa kulipia. Kabla hujalipa, ulizia maktaba: vyuo vikuu vingi, na maktaba za umma za baadhi ya nchi, huwalipia wanachama wao, na unaingia kwa namba ya kadi au akaunti ya chuo.

Ukitafuta *set* hutapelekwa moja kwa moja kwenye kitenzi. Utaletewa orodha, kwa sababu kitenzi, nomino na kivumishi vina kurasa tofauti. Chagua chenye alama ya kitenzi. Ndani ya ukurasa kuna vichupo: maana na matumizi, etimolojia (asili ya neno), maumbo ya tahajia, marudio (neno hutumika mara ngapi), matamshi, na maneno yaliyoundwa kutokana nalo. Wengi huanza na maana, wakakutana na ukuta wa maandishi, wakafunga. Mpangilio unaofaa ni huu. Fungua etimolojia kwanza upate *settan* na uhusiano wake na *sit*. Rudi kwenye maana, lakini usisome maana. Soma vichwa vya namba za Kirumi peke yake. Hivyo ndivyo matawi makuu, na kwa dakika chache unaona mti mzima. Namba za kawaida chini yake ni maana, na herufi ndogo ni vijitanzu vya maana. Kisha angalia alama ya kisu kidogo, †: inamaanisha matumizi yamekufa. Kwenye kitenzi hiki alama hizo ni nyingi, na kuziruka kunapunguza kazi sana.

Kosa kubwa la watumiaji wapya ni kudhani maana namba 1 ndiyo ya kawaida zaidi. Hapa maana zinafuata historia: ya kwanza ni ya kale zaidi. Mwanafunzi akiichukua na kuitungia sentensi anaweza kuandika Kiingereza cha mababu. Kinga ni nukuu zilizo chini ya kila maana. Zimepangwa kwa miaka, kuanzia ya zamani. Tazama ya mwisho: ikiwa imeishia karne ya 19, shika kalamu kwa tahadhari hata kama hakuna kisu. Tazama pia maelezo ya ukurasa yanayosema lini kitomeo, yaani maelezo ya neno hilo, kiliandikwa na lini kilirekebishwa. Kilichoandikwa enzi za Bradley na kisichoguswa tangu hapo kina lugha ya maelezo ya enzi hizo, na mtu aliyejifunza Kiingereza darasani ataona baadhi ya maelezo ni magumu kuliko neno linaloelezwa.

Jambo dogo la matamshi: utaona /sɛt/ hapa na /set/ kwenye kamusi za wanafunzi. Sauti ni ileile, mtindo wa kuandika ndio tofauti.

Kwa asili na ukoo wa neno hakuna inayoikaribia. Inatenganisha kitenzi na nomino ya *secta* bila kubabaika, na tarehe zake zinaonyesha ni lini kila tawi lilichipua. Lakini haikusudii kukufundisha kuandika barua, na anayeichukua kwa kazi hiyo atachoka bure.

Merriam-Webster na Etymonline

Kamusi ya Merriam-Webster inayosomwa bure kwenye tovuti ina zawadi moja kwenye kitenzi hiki ambayo inastahili kusifiwa waziwazi. Maana yake ya kwanza ni kumfanya mtu akae, kumweka kitini. Hiyo ni ketisha, imeandikwa juu kabisa, kabla hujafungua sehemu ya asili. Ya pili ni kumweka kuku juu ya mayai ayaatamie, au kuyaweka mayai chini ya kuku au ndani ya mashine ya kutotolesha. Kuatamisha kuku! Maana hiyo inaonekana ya ajabu kwenye kamusi zinazopanga kwa marudio, ambako imesukumwa mwisho au kuachwa. Hapa imekaa jirani na mzazi wake, na msomaji anaona mara moja kwamba kuku naye ameketishwa.

Siri ni kwamba kamusi hii nayo hupanga maana kwa mfuatano wa kihistoria, lakini kwa ufupi. Udhaifu wake ni huo ufupi. Maana nyingi zimeelezwa kwa neno mbadala moja au mawili, na ukilifuata neno hilo unarudishwa ulikotoka. Mifano ni michache kwa mtu anayetaka kujua kama aseme *set a price* au *set up a price*. Wachapishaji haohao wana kamusi ya pili, ya wanaojifunza lugha, yenye mifano mingi zaidi. Ikiwa shida yako ni matumizi, nenda huko.

Etymonline, kazi iliyoanzishwa na Douglas Harper, ni ya bure na inaeleza asili tu. Kwa *set* inakupa aya moja iliyoshiba: umbo la Kiingereza cha Kale, maana yake ya kumfanya mtu akae, ndugu wa Kijerumaniki, na kiungo cha ukurasa wa mzizi *sed-* ambako unawaona *nest*, *session* na *president* wamekusanyika sehemu moja. Ukurasa huo wa mzizi ni bora kuliko maelezo mengi ya darasani. Angalizo moja tu: tarehe zinazotolewa ni za maandishi ya kwanza yaliyobaki, si za siku watu walipoanza kusema. Neno linaweza kuwa lilitumika vizazi kadhaa kabla mtu hajaliandika. Anayeinukuu kwenye kazi ya kitaaluma aithibitishe kwa kamusi ya kihistoria.

Collins COBUILD: hapa ndipo matumizi yanafundishwa

Mradi wa COBUILD uliunganisha kampuni ya Collins na Chuo Kikuu cha Birmingham, mhariri mkuu akiwa John Sinclair, na kamusi ya kwanza ikatoka 1987. Ilijengwa juu ya mkusanyiko mkubwa wa maandishi halisi uliohifadhiwa kwenye kompyuta, na maelezo yake yameandikwa kwa sentensi kamili. Badala ya "kuanza, hasa kwa jambo baya", unaelezwa kwa namna hii: ikiwa jambo fulani lisilopendeza limefanya *set in*, limeanza na linaelekea kuendelea au kuzidi.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, na ndiyo kila kitu. Sentensi ya namna hiyo inakuonyesha nani anakuwa kiima, kwamba hakuna yambwa, na kwamba jambo lenyewe ni baya. *Set in* ni mfano maarufu wa Sinclair mwenyewe: alipopanga sentensi nyingi zenye kirai hicho, aliona viima vyake ni kuoza, kukata tamaa, maambukizi, hali mbaya ya hewa, na mara chache sana kitu chema. Kamusi za awali ziliandika tu "kuanza". Mwanafunzi aliyeziamini angeweza kuandika *happiness set in*, na msomaji wa Kiingereza angehisi kuna kitu kimekwenda kombo bila kujua ni nini. Kiswahili kina hisia kama hiyo kwenye kukithiri: rushwa hukithiri, uhalifu hukithiri, lakini hatuna kawaida ya kusema upendo umekithiri nyumbani. Ndivyo ilivyo kwa *set in*, na COBUILD inakutia hisia hiyo bila hotuba.

Kasoro ni kwamba sentensi kamili zinakula nafasi, na kwenye kitenzi kirefu hivi ukurasa unakuwa mrefu wa kuteremka kwenye simu. Asili inapewa nafasi ndogo. Pia kwenye tovuti ya Collins kuna kamusi zaidi ya moja kwenye ukurasa mmoja, kwa hiyo hakikisha unasoma sehemu iliyoandikwa COBUILD. Ukiteremka zaidi unaingia kwenye kamusi nyingine yenye mtindo mwingine.

Longman na Oxford ya wanafunzi

Longman Dictionary of Contemporary English, iliyotoka mara ya kwanza 1978, inaeleza maana zake kwa msamiati wa msingi wa maneno kama 2,000. Ukiyajua hayo, hutakwama ndani ya maelezo. Nguvu yake kwenye *set* iko kwenye virai vya kitenzi na kijineno chake: *set up*, *set off*, *set out*, *set aside*, *set back*. Tafuta mshale wenye ncha mbili, ↔. Ukiona *set something ↔ up*, ujue yambwa inaweza kukaa katikati au mwishoni: *set the tent up* au *set up the tent*. Lakini yambwa ikiwa kiwakilishi, inakaa katikati tu: *set it up*, kamwe si *set up it*. Pasipokuwa na mshale, kama kwenye *set about something*, usitenganishe.

Kati ya *set off* na *set out*, ambavyo vyote hutafsiriwa kuondoka, kamusi hii inakuonyesha mifano mpaka tofauti inajionyesha. *Set off* ni kuanza safari tu, na pia kufanya kengele ilie au baruti ilipuke. *Set out* ina dhamira ndani yake: *set out to prove* ni kudhamiria kuthibitisha, halafu ina maana ya kupanga vitu vionekane au kueleza hoja kwa mpangilio. *Set about* hufuatwa na kitenzi chenye *-ing*. Kwenye lugha ya mahakama, *set aside* si kuweka kando, ni kutengua hukumu au amri, na anayetafsiri nyaraka za kesi asikubali kamusi isiyokuwa nayo.

Oxford Advanced Learner's Dictionary, kazi iliyoanzishwa na A. S. Hornby na kuchapishwa kwanza Japani mwaka 1942, inafanana nayo kwa ubora. Sauti za Uingereza na Marekani zinasikika kwa kubofya, na kila maana imewekewa alama ya kuwa elekezi (yenye yambwa) au sielekezi (isiyo na yambwa). Kwa kitenzi kinachobadilika upande kama hiki, alama hiyo ndiyo ya kuangalia kwanza. Zote mbili zinasomwa bure.

Kamusi za Kiingereza na Kiswahili

Hapa hukumu ni kali kidogo, kwa sababu madhara ni ya kila siku. Jibu rahisi la *set* ni weka, na mara nyingine linafaa: *set a record* ni kuweka rekodi, *set a condition* ni kuweka sharti. Lakini Kiswahili kina kitenzi chake kwa karibu kila jirani wa *set*. Mtego hutegwa. Mtihani hutungwa. Mfupa huungwa. Meza huandaliwa. Kito hupachikwa. Tarehe hupangwa. Tanga hutwekwa, na *set sail* kwa jumla ni kung'oa nanga. *Set an example* ni kuonyesha mfano. Kwenye vichwa vya habari *is set to* ni kutarajiwa: *prices are set to rise* ni bei zinatarajiwa kupanda, wala hakuna aliyezipanga.

Kamusi ya lugha mbili ipimwe kwa maneno hayo. Chukua matano: *trap*, *exam*, *bone*, *table*, *sail*. Ikikupa weka kwa yote, irudishe kabatini. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) iliyotoka 1996 hutumia alama ~ badala ya kurudia kidahizo, yaani neno linaloelezwa. Asiyeijua alama hiyo hupita juu ya virai vyote vya *set* bila kuviona, naye hudhani kamusi haina kitu.

Makosa ambayo kamusi iyakinge

*Setted* haitumiki. *Set* ni miongoni mwa vitenzi vifupi vya *t* na *d* visivyobadilika, pamoja na *put*, *cut*, *hit*, *shut*, *shed*. Kitenzi hiki kilikuwa na wakati uliopita *sette*. Tamati za Kiingereza cha Kale zilipodondoka, maumbo yote yakabaki sura moja. Longman na Oxford ya wanafunzi huandika maumbo hayo juu ya ukurasa, na hilo ni jema.

Kosa la pili ni kuchanganya *set* na *sit*: mtu hu-*sit* mwenyewe, lakini huki-*set* kitu. Kumbuka keti na ketisha, na kosa linaisha. La tatu ni la kuandika: *set up* ni kitenzi kwa maneno mawili, *setup* ni nomino kwa neno moja. La nne ni la masikio. Kwa kuwa silabi zetu huishia kwenye vokali, msemaji wa Kiswahili huongeza i mwishoni, *seti*, na *set it* ikasikika kama *setiti*. Sauti za kubofya zinasaidia, mradi usikilize *set* na *sat* moja baada ya nyingine, maana vokali hizo mbili ndizo zinazopotezana zaidi.

La mwisho linawapata wasomaji kuliko wasemaji. *She set the table every day* inaweza kusomwa haraka kama wakati uliopo. Haiwezi kuwa hivyo: kwa *she*, *he* au *it*, wakati uliopo ungekuwa *sets*. Kukosekana kwa *s* ndiko kunakokuambia kwamba meza iliandaliwa zamani. Kwa *I*, *you*, *we* na *they* hakuna dalili hiyo, na hapo itakubidi utafute *yesterday*, *nowadays* au kitenzi cha jirani kabla hujatafsiri.